Msimbo A19 na Historia ya Kifua Kikuu Kilichosambaa Mwilini: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Historia ya kifua kikuu nchini Tanzania imeandikwa kwa kutegemea hesabu za waliogunduliwa, waliopona na waliofariki. Hesabu hizo hutokana na uainishaji, na kila uainishaji huamua mapema kitakachohesabiwa. Makala haya yanachunguza kifua kikuu kilichosambaa mwilini kupitia damu, kwa kurejelea wilaya za Karatu na Ngorongoro mkoani Arusha. Hoja kuu ni kwamba kutoonekana kwa ugonjwa huu katika takwimu za jumla hakuthibitishi kuwa haukuwapo. Ni matokeo ya madaftari yaliyobuniwa kujibu maswali mengine.

2.0 Chimbuko la Jina na Msimbo

Mwaka 1700 tabibu John Jacob Manget alifananisha vivimbe vidogo alivyoviona katika maiti na punje za nafaka ya jamii ya uwele, na jina la Kilatini la nafaka hiyo likabaki kuwa jina la ugonjwa. Katika marudio ya tisa ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ugonjwa huu ulipewa msimbo 018. Katika marudio ya kumi, yaliyopitishwa mwaka 1990, ukapewa A19. Tarakimu inayofuata hueleza iwapo ugonjwa mkali umekaa mahali pamoja (A19.0), pengi (A19.1) au pasipotajwa (A19.2). Marudio ya kumi na moja, yaliyoanza kutumika Januari 2022, yameupa msimbo 1B13.

Kanuni mbili za marudio ya kumi zina uzito kwa mwanahistoria. Kwanza, kundi la A15 hadi A19 hujumuisha maambukizi ya kimelea cha binadamu na yale ya kimelea cha ng'ombe bila kuyatenganisha. Pili, kifua kikuu kilichotokana na ugonjwa wa VVU huondolewa katika kundi hilo na kuwekwa chini ya B20.0. Kwa kuwa VVU huongeza uwezekano wa kifua kikuu kusambaa mwilini, sehemu ya wagonjwa ambao A19 ingewaeleza huhamishiwa kwingine.

3.0 Rejista ya Mpango wa Taifa

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Karel Styblo akawa mshauri wake mashuhuri. Lengo lilikuwa kukata mnyororo wa maambukizi, hivyo mgonjwa aliyepewa kipaumbele ni yule ambaye hadubini ilionesha vimelea katika makohozi yake. Rejista iliuliza maswali machache: ugonjwa uko katika mapafu au nje yake? Makohozi yana vimelea au hayana?

Kifua kikuu kilichosambaa hakikutoshea vizuri katika maswali hayo. Mara nyingi makohozi ya mgonjwa wake hayaoneshi vimelea, na utambuzi huhitaji picha ya eksirei. Aidha, ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 humweka katika kundi la kifua kikuu cha mapafu kwa sababu mapafu yake yana vidonda, hata kama ini na uboho pia vimeshambuliwa. Uamuzi huo haukuwa uzembe. Wepesi wa rejista ndio uliowezesha vituo vyenye hadubini moja kufuatilia tiba hadi mwisho, na uzoefu wa Tanzania ukawa msingi wa mkakati wa DOTS katika miaka ya 1990.

4.0 Karatu na Ngorongoro

Katika wilaya hizi athari za uainishaji zinajitokeza waziwazi. Hospitali za mashirika ya dini, yaani ile ya Kilutheri mjini Karatu na zile za Kikatoliki za Endulen na Wasso, zimehudumia Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe waliotawanyika katika eneo kubwa. Endulen imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ambamo wafugaji na mifugo wameishi karibu na wanyamapori. Unywaji wa maziwa yasiyochemshwa ni njia inayojulikana ya kuambukizwa kimelea cha ng'ombe, ambacho kimewahi kutambuliwa kwa wagonjwa nchini Tanzania. Hata hivyo, si rejista wala msimbo A19 unaoweza kumweleza mtafiti kama ugonjwa uliosambaa mwilini mwa mfugaji ulitoka kwa jirani anayekohoa au katika kibuyu cha maziwa.

Suala la pili ni chanjo. Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza mwaka 1975, na BCG ikawa miongoni mwa chanjo zake. Kinga yake inayoaminika zaidi ni dhidi ya kifua kikuu kilichosambaa na kile cha utando wa ubongo kwa watoto wadogo. Hivyo, taifa liliwachanja watoto dhidi ya ugonjwa ambao rejista yake haikuutengea safu.

5.0 Hitimisho

Mtafiti anayesoma takwimu za wilaya hizi hana budi kutofautisha ugonjwa usiokuwapo na ugonjwa usioulizwa. Kwa kuwa dawa za msingi ni zilezile, mgonjwa aliyetambuliwa aliweza kutibiwa bila msimbo mahususi. Kilichopotea ni ushahidi wa nani aliugua, kwa chanzo gani, na ni watoto wangapi waliokolewa na chanjo. Ushahidi huo unapaswa kutafutwa katika majalada ya wodi, picha za eksirei na barua za rufaa, kabla ya karatasi hizo kuchakaa.