Mpangaji Akivunjiwa Mapatano: Habari za Zamani na Haki za Sasa



Hapana jambo linalomuudhi mtu kuliko kutolewa nyumbani au dukani kabla siku za mapatano hazijakwisha. Wengi hufikiri kwamba mwenye nyumba ana nguvu zote, na mpangaji hana la kufanya ila kufunga virago. Fikira hiyo haikuzuka bure. Ina asili yake katika historia ya Bungoma na Kitale, nasi twaona yafaa kuieleza, ili ijulikane kwa nini wazee wetu hawakulipwa hasara zao, na kwa nini sisi twaweza kulipwa.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu kwamba Mwafrika katika ardhi ya baba zake alikuwa mpangaji wa Mfalme, kwa hiari ya Mfalme tu. Neno hilo lilikuwa zito. Mpangaji mwenye muda, akitolewa mapema, aweza kudai hasara ya siku zilizobaki. Mpangaji wa hiari hana siku zilizobaki, basi hana la kudai.

Mwaka 1930 Serikali ilitunga sheria ya kuwatuliza watu. Iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na kwamba sehemu ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, watapewa ardhi nyingine ya kadiri ile ile, na baraza lao litaarifiwa kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Bungoma. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila kutoa nyingine badala yake, bali fedha tu, na bila kuliarifu baraza kwanza. Hata katika Bunge la Uingereza jambo hilo lilishutumiwa. Aliyetoa ahadi ndiye aliyebadili kipimo cha fidia baada ya kuiona dhahabu. Tena fedha huliwa zikaisha, lakini shamba humlisha mtu na mjukuu wake.

Huko Kitale mambo yalikuwa magumu zaidi. Walowezi waliingia Trans Nzoia kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Watu wetu wengi walivuka kutoka Bungoma wakawa maskwota katika mashamba yale. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, wapate mahali pa kulima na kuchunga. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika 1940. Hiyo iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi hadi 270, na kupunguza mashamba na mifugo ya maskwota. Tena ilimhesabu skwota kuwa mfanya kazi, wala si mpangaji. Aliyelima miaka mingi, akaambiwa auze ng'ombe wake au aondoke, hakuwa na hati ya kwenda nayo kortini. Mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa, tangu mwaka 1962, waliopewa viwanja katika sehemu kama Naitiri na Tongaren walivichukua kwa mkopo wa kulipwa. Jasho la zamani halikuhesabiwa katika bei.

Baada ya Uhuru sheria iligeuka. Sheria ya mwaka 1965 juu ya wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula iliwalinda hata wale wasio na mapatano ya maandishi, na wenye mapatano yasiyozidi miaka mitano. Notisi ya kuwatoa isipungue miezi miwili, na likaundwa baraza la kusikiliza mashauri yao. Baraza hilo laweza kuamuru mpangaji anayeondolewa alipwe kwa ajili ya sifa njema ya biashara yake, na kwa matengenezo aliyoyafanya kwa idhini ya mwenye jengo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo yasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kushika mapatano aachwe akae kwa amani, hata kama hati haikutaja hivyo.

Hasara hupimwaje? Korti hufuata kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1854, katika shauri la msaga unga ambaye kinu chake kiliendelea kusimama kwa sababu ya mchukuzi kuchelewesha chuma chake kilichovunjika. Mtu hulipwa hasara itokayo moja kwa moja katika kuvunjwa mapatano, na ile ambayo pande zote mbili zingeitazamia walipopatana. Tuseme fundi cherehani wa Kitale alipanga chumba kwa Sh. 6,000 kwa mwezi, akatolewa ikiwa imebaki miezi 10. Akipata chumba cha namna ile ile kwa Sh. 8,000, hasara yake ni Sh. 20,000, pamoja na gharama za kuhama na amana isiyorudishwa. Lakini asikae nyumbani akingoja deni likue. Yampasa atafute mahali pengine upesi.

Kwa hiyo twawasihi Wanachama: andikeni mapatano na kutia sahihi mbele ya mashahidi, wekeni kila stakabadhi ya kodi, pateni idhini ya maandishi kabla ya kujenga au kutengeneza, na mkitolewa, andikeni siku ile ile mali iliyopotea au kuharibika. Wazee wetu walikuwa na haki bila hati, wakapoteza vyote viwili. Mali bila daftari hupotea bila habari.