Senema ya Vugiri

Msafiri atokaye Kwaluguru, akavuka mto Pangani na kuingia Korogwe, kisha akaikwea milima ya Usambara, hufika Vugiri, mahali ambapo baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa makao ya jaribio la kuwatengenezea Waafrika senema za mafunzo, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt, aliyepata kusimamia shamba la mkonge, alishika upigaji picha, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Rhodesia ya Kaskazini, alishika mafunzo.

Itikadi yao ilikuwa kwamba asiyejua kusoma atayapata kwa jicho yale yaliyofungiwa vitabuni. Zikatengenezwa picha kama 35: ya safura, ya malaria ya watoto, na ile ya benki ya akiba ya posta, ambamo kibarua mmoja anafukia mshahara wake nyumbani ukaibwa, ilhali mwenziwe anauweka posta ukasalimika. Mwizi hufahamika hata pasipo sauti. Lakini kwa nini fedha iliyolala posta huongezeka, hilo picha haiwezi kulibainisha. Ndipo zikatumika sahani za santuri: picha ni ile ile moja, ila sahani hii yasema Kiswahili, ile Kikuyu, nyingine Kiganda au Kibemba. Kwangu mimi hili ndilo jambo bora kabisa walilolifanya, maana sikio la mtazamaji lilipewa haki yake kwa lugha yake mwenyewe.

Na sauti haikuwa pambo. Mwaka ule ule wa 1935, huko Chicago, Guy Buswell alichapisha utafiti wa watu 200 ambao miendo ya macho yao, walipokuwa wakitazama picha, ilinaswa katika filamu kwa mwali wa taa unaorudishwa na jicho. Mtu aliyeonyeshwa picha ya jengo refu alizungusha macho apendavyo; alipoambiwa atafute kama yupo mtu dirishani, macho yale yale yakaacha njia yao ya kwanza, yakaandama madirisha. Kumbe neno hulishika jicho na kulipeleka.

Vugiri hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Maelfu waliotazama usiku uwanjani, toka Tanganyika hata Nyasaland, walipimwa kwa vicheko, kwa ukimya, na kwa taarifa za maofisa waliokuwapo. Na taarifa hizo hazikutosha kuzishawishi serikali, zilizokataa kuiendeleza kazi mwaka 1937.