Firmus wa Alexandria: Mfanyabiashara, Kaisari au Mnyang'anyi?

Miongoni mwa waasi wanaotajwa katika historia ya Roma, Firmus ana sifa ya pekee: hakuwa jemadari wala gavana, bali mfanyabiashara. Habari zake twazipata katika Historia Augusta, mkusanyo wa Kilatini wa maisha ya makaisari, unaobeba majina ya waandishi sita. Mwaka 1889 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Dessau alitoa hoja kwamba majina hayo ni ya kubuni, na kwamba mwandishi alikuwa mmoja tu, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 4. Wataalamu wengi wamemkubali. Basi Firmus yafaa asomwe kwa tahadhari.

Tunaelezwa kwamba alizaliwa Seleucia, alipeleka merikebu India, na alikuwa na urafiki na Wablemi na Wasaraseni. Nyumba yake ilipambwa kwa vioo, na karatasi zake za mafunjo zingetosha kulipia jeshi zima. Alikuwa na pembe mbili za ndovu zenye urefu wa futi kumi kila moja. Tena alikula mbuni mzima kwa siku moja, akalala huku wahunzi wakigonga fuawe juu ya kifua chake! Hapo mwandishi anajifurahisha. Lakini biashara yenyewe si ndoto: kitabu cha Periplus, cha karne ya 1, chashuhudia kwamba pembe za ndovu zilisafirishwa kutoka pwani ya Azania, yaani Afrika ya Mashariki.

Uasi wawekwa baada ya Kaisari Aurelianus kumshinda Malkia Zenobia wa Palmyra mwaka 272. Firmus, aliyekuwa upande wa Zenobia, aliishika Misri. Kwa namna gani? Katika maisha ya Aurelianus twasoma kwamba hakuchukua alama zo zote za ukaisari, bali aliitawala Misri kana kwamba ni nchi huru. Katika maisha ya Firmus, yanayobeba jina lile lile la mwandishi, Vopiscus, twaambiwa kwamba alivaa zambarau, alipiga sarafu na kuitwa Augustus. Ushahidi huo waletwa ili kuwajibu wale waliosema kwamba alikuwa mnyang'anyi tu. Sarafu yake hata moja haijapatikana.

Kwetu sisi wanaisimu, ubishi huu juu ya neno ndio kiini cha habari. Katika barua anayosingiziwa Aurelianus, Firmus ni mnyang'anyi, na kosa lake lasemwa waziwazi: aliizuia nafaka ya Misri isifike Roma. Aliyeweza kuinyima Roma mkate hakuweza kuitwa mfanyabiashara, wala kwa Kaisari hakustahili kuitwa mpinzani.

Zosimus asimulia maasi ya Alexandria bila kumtaja Firmus. Hati za mafunjo za mwaka 274 zamtaja Claudius Firmus, lakini huyo alikuwa ofisa mkuu wa Roma huko Misri. Wako wanaodhani kwamba mwandishi alilitwaa jina la mtumishi wa dola akampachika mwasi, nasi twaona dhana hiyo ina uzito. Maafa ya mji hayakubuniwa. Ammianus Marcellinus aandika kwamba wakati wa Aurelianus kuta za Alexandria zilibomolewa, na mtaa wa Bruchion, makao ya watu mashuhuri tangu zamani, ukapotea.