Hongo ya Ugogo: Njia moja, namna mbili za kuiandika

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya kisa cha safari cha karne ya 19. Kila palipoandikwa ‘hongo’, yeye kaweka neno la Kiingereza lenye maana ya rushwa. Nikamuuliza, “Kwani machifu wa Ugogo walikuwa polisi wa trafiki?” Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana kosa lile lina historia.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji. Ugogo ni nchi kavu. Mwenye kisima ndiye mwenye njia, na msafara haukupita wala kunywa bila kutoa hongo: merikani, kaniki, shanga. Nguo zilihesabiwa kwa doti, na doti moja ni mikono minane. Ulikuwa ushuru, tena uliojulikana na kila mfanyabiashara wa pwani.

Sasa hebu tazama waandishi wanavyoushika. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, akachapisha kitabu chake mwaka 1872. Akifika kwenye hongo, usimulizi unasimama na hoja inaanza: analalamika, anahesabu hasara, anamshtaki mtozaji mbele ya msomaji wa London. Msomaji huyo anafunga kitabu akiamini kwamba Mgogo ni mnyang’anyi katika nchi yake mwenyewe!

Selemani bin Mwenye Chande naye aliisafiri bara, na kisa chake kimo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Yeye hana haja ya hoja. Anategemea kiambishi -ka-: watu wakafika, wakadaiwa, wakatoa, wakaendelea. Hongo inakuwa kituo cha njiani, kama kisima au kambi. Mapatano ya bei yapo, na uchungu upo, lakini haki ya mwenye nchi kudai haijadiliwi.

Nisieleweke vibaya, simsifu Mswahili kwa kuwa ni wetu. -ka- nayo ina hila zake. Inakwenda mbio, na katika visa vingi vya misafara wapagazi na watumwa wanapitwa kwa mbio zizo hizo, bila jina, bila neno la huruma. Stanley walau hupumzika kutazama, hata kama anatazama kwa jicho baya.

Lakini kuhusu hongo, hoja ndiyo iliyoshinda simulizi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, hakuna aliyeandika kwamba wao ni wanyang’anyi wa njiani. Hiyo iliitwa serikali. Hongo ikabaki kuwa neno la aibu, nasi leo tunalitumia barabarani kila siku.

Mwanafunzi wangu amerudia kazi. Safari hii ameliacha neno kama lilivyo, akaliwekea maelezo chini ya ukurasa, mistari kumi na miwili.