Jambo OpenOffice: Ruhusa Kabla ya Tafsiri

Wanafunzi wenzangu wengi hapa Uganda husifu programu huria kwa sababu moja tu: hazilipiwi. Naona sababu hiyo ni finyu, na historia ya Jambo OpenOffice inaniunga mkono.

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision ya Ujerumani, iliyounda StarOffice. Mwaka 2000 Sun ikaweka wazi msimbo wa programu hiyo, yeyote akaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoufaa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwishoni mwa 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Watafsiri hawakulazimika kungoja kampuni ione faida katika soko letu.

Wapo wanaosema menyu za Kiingereza zimeshazoeleka. Ni kweli, lakini mazoea hayo yalijengeka wakati hatukuwa na chaguo jingine. Kwa hiyo, tunapochagua programu, tusiulize bei peke yake. Tuulize pia kama tunaruhusiwa kuifungua na kuifundisha Kiswahili.