Katekista wa Kigango na Mwinjilisti wa Mtaa: Fundisho la Historia kwa Kanisa Letu

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona jarida la chuo cha Kilutheri likishughulikia utumishi wa walei katika parokia za Kikatoliki. Tunawaomba watuvumilie. Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, katika nchi ya Warangi, ambako Waislamu ni wengi na Wakristo huishi nao mlango kwa mlango. Mahali pa namna hiyo padre hufika kigangoni kwa zamu. Akaaye ni katekista. Tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya mtu huyu inatuhusu, kwa kuwa ni historia ya mwinjilisti wetu pia.

Kazi ya Katekista

Wengi hudhani kwamba katekista ni mwalimu wa mafundisho ya ubatizo tu. Sivyo. Jumapili isiyo na padre ndiye aongozaye ibada, akisoma Neno na kulifafanua. Katikati ya juma huwafundisha wakatekumeni, huwaandaa wachumba, huwatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Na mtu akiwa katika hatari ya kufa, humbatiza. Anajua ni nyumba ipi imekosa chakula mvua zilipokatika, na ni ipi yenye ugomvi. Padre ajapo kuungamisha na kuadhimisha misa, huvuna shamba lililokwisha kupaliliwa. Jirani Mwislamu naye humjua katekista kwanza, maana ndiye wakutanaye naye msibani.

Chimbuko na Mabadiliko

Utumishi huu haukuanza kwa azimio la mkutano wowote. Ulizaliwa na haja. Wamisionari wa Afrika walipoondoka Buganda mwaka 1882, waamini wachache walioachwa hawakutawanyika. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe waliwakusanya na kuwafundisha, na mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limeongezeka. Mukasa aliuawa mwaka huohuo. Katika nchi yetu, Adriani Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa udaktari huko Malta, alikuwa tabibu na katekista wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre, wala ukosefu wa daraja haukumpunguzia lolote mbele ya watu aliowahudumia.

Nasi Walutheri tuna ushuhuda wetu. Vita Kuu ya Kwanza ilifika hata Kondoa, ambayo majeshi ya upande wa Waingereza yaliiteka Aprili 1916. Baada ya vita hiyo wamisionari wa Leipzig waliondolewa, mwaka 1920, na katika Kilimanjaro waalimu na wazee ndio walioshika sharika. Wakati huo hapakuwa na Mchagga hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji.

Lakini heshima hiyo haikudumu. Katika shule za vijijini, mwalimu na katekista alikuwa mtu mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuzipa ruzuku shule zilizotimiza masharti yake. Basi mwalimu mwenye cheti akapata mshahara, na mwenzake aliyebaki na katekisimu akabaki na shukrani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule za makanisa mikononi mwa taifa, utengano ule ulikamilika. Tangu hapo katekista, kama mwinjilisti, amekuwa mkulima afanyaye kazi ya kanisa baada ya kuweka jembe chini.

Katika nyanda za kati, Prefektura ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1935 chini ya Wapasionisti, ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1972 ikapata askofu mzawa, Mathias Isuja, mwana wa Kondoa. Mwaka 2011 Kondoa yenyewe ikawa jimbo. Viongozi waliongezeka na mipaka ikasogezwa karibu na watu, lakini kigango kiliendelea kumtegemea mlei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista mwaka 1965, na maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 wakazipa jumuiya ndogo ndogo nafasi ya kwanza katika uchungaji. Hata hivyo ni mwezi Mei 2021 tu ambapo Papa Fransisko aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa lote, itolewayo kwa ibada. Tangu misheni ya Bagamoyo ianzishwe mwaka 1868, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 150.

Swali kwa Kanisa Letu

Tusifanye haraka kuwahukumu jirani zetu kwa kuchelewa. Sisi twafundisha ukuhani wa waamini wote, na pamoja nao twashika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, kwamba asihudumu hadharani mtu asiyeitwa kwa utaratibu. Je, mwinjilisti wetu ameitwa, au amewekwa tu kuziba pengo mpaka mchungaji apatikane? Ikiwa ameitwa, mbona jina lake huwa la mwisho bajeti inapopangwa, na la kwanza inapopunguzwa?

Tunakiri kosa letu wenyewe. Tulipopelekwa katika usharika wetu wa kwanza, tulimwona mwinjilisti kuwa msaidizi wa kubeba vitabu. Ilitupasa kwanza kuzika watoto wawili katika juma moja ndipo tukatambua kwamba yeye alijua la kusema, na sisi hatukujua. Shahada haikutufundisha jina la mama yule. Yeye alilijua, na alikuwa amekwisha kukaa naye usiku kucha.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba kanisa la nyanda hizi halikukaa likimngoja mtu aliyewekewa mikono ndipo liishi. Hilo halipunguzi daraja la uchungaji, bali laliweka mahali pake, kama Akila na Prisila walivyomfundisha Apolo bila kumnyang'anya huduma yake (Mdo. 18). Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa theolojia akae walau msimu mmoja wa kilimo chini ya mwinjilisti kabla ya kubarikiwa. Pili, halmashauri za sharika ziliangalie fungu la mwinjilisti kabla ya kuezeka upya nyumba ya mchungaji. Tunayasema haya tukijua kwamba nyumba hiyo ndiyo tunayoishi.