Matengenezo ya paa na vyumba vya kuchomoza vya gari-nyumba

Matengenezo ya paa na vyumba vya kuchomoza vya gari-nyumba ni kazi za kukagua, kusafisha, kuziba na kulainisha zinazofanywa mara kwa mara ili maji yasipenye ndani ya gari na ili sehemu zake zinazosogea zisikwame. Nyingi kati ya kazi hizo zinaweza kufanywa na mmiliki mwenyewe kwa vifaa vya kawaida. Hata hivyo zina hatari mbili kubwa: kuanguka kutoka kimo cha mita 3 hadi 4, na kubanwa na chumba chenye uzito wa mamia ya kilo. Kwa sababu hiyo, mambo yanayofanywa kabla ya kazi kuanza, kama vile kusimamisha ngazi vizuri na kukata umeme, ni muhimu kuliko ustadi wa kazi yenyewe.

Maelezo ya jumla

Gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake. Mengine yana injini yake, na mengine, yaani karavani, hukokotwa na gari jingine. Yanapatikana kwa wingi Marekani na Kanada, ambako hutumiwa kwa likizo na kwa safari ndefu. Wapo pia watu, wakiwemo wastaafu wengi, wanaoishi humo mwaka mzima. Kitovu cha utengenezaji wake ni eneo la Elkhart katika jimbo la Indiana.

Chumba cha kuchomoza ni kipande cha ukuta pamoja na sakafu na paa lake, kinachosukumwa nje gari linapoegeshwa, mfano wa mtoto wa meza anayevutwa. Barabarani upana wa gari nchini Marekani kwa kawaida haupaswi kuzidi takriban mita 2.6. Chumba hicho kinampa msafiri nafasi zaidi awapo kambini bila kuvunja sheria hiyo, kwa kuwa hurudishwa ndani kabla ya safari. Vyumba vya aina hii vilienea katika miaka ya 1990, na leo gari moja linaweza kuwa na vinne au zaidi.

Maji kama chanzo cha uharibifu

Adui mkubwa wa gari-nyumba ni maji. Magari mengi ya aina hii yana fremu, sakafu au paa la mbao lililofunikwa kwa tabaka jembamba la mpira, plastiki, faibaglasi au alumini. Paa limetobolewa sehemu nyingi kwa ajili ya kiyoyozi, madirisha ya hewa, mabomba ya choo, antena na paneli za sola. Kila tundu limezibwa kwa dawa ya kuzibia, na dawa hiyo hupasuka kutokana na jua, baridi na mtikisiko wa barabarani.

Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji. Plaiwudi hulowa, huvimba na kuoza. Kuta zilizogandishwa kwa tabaka huachana na kutoa malengelenge. Na ukungu huota mahali pasipoonekana. Maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka, hivyo doa linaweza kutokea mbali na tundu lililolisababisha. Doa linapoonekana darini, mara nyingi maji huwa yamepita kwa muda mrefu. Methali isemayo “Usipoziba ufa utajenga ukuta” hapa ina maana yake ya wazi kabisa: kopo moja la dawa ya kuzibia huzuia ukarabati ambao gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gari.

Usalama wa kupanda paani

Jambo la kwanza ni kusoma kitabu cha gari ili kujua kama paa limetengenezwa kubeba mtu. Si mapaa yote yanayoweza kufanya hivyo. Gari lililotoka kiwandani bila ngazi ya nyuma mara nyingi halikukusudiwa kukanyagwa juu, na kazi yake hufanywa kutoka kwenye ngazi au jukwaa la pembeni. Paa la chumba cha kuchomoza halikanyagwi.

Kabla ya kupanda, mambo yafuatayo huzingatiwa:

- Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, breki hufungwa, kabari huwekwa kwenye magurudumu, na karavani hushushiwa miguu yake ya kuimarisha.
- Nyaya za umeme zilizo juu hukaguliwa. Mtu, ngazi na mpini wa brashi vinapaswa kukaa umbali usiopungua mita 3 kutoka kwazo.
- Kazi haifanywi wakati wa mvua, upepo, umande au barafu. Paa la mpira lililolowa huteleza sana, hasa likiwa na sabuni.
- Umeme wa kambini huchomolewa. Paneli za sola hufunikwa iwapo kazi inagusa nyaya zake, kwa sababu huzalisha umeme muda wote zinapopigwa na mwanga.
- Mtu wa pili hubaki chini, akiwa na simu.

Ngazi ya kuegemeza hupigwa mlalo wa nne kwa moja: kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake husogezwa mita 1 kutoka ukutani. Ncha yake ya juu inapaswa kuzidi ukingo wa paa kwa sentimita 90 hivi ili mtu apate pa kushika anapovuka, nayo hufungwa isiteleze kando. Wakati wa kupanda na kushuka, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, huwa imegusa ngazi muda wote. Zana hazibebwi mkononi, bali huvutwa juu baadaye kwa kamba na ndoo. Ngazi iliyofungwa nyuma ya gari ina kikomo cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji, na uzito wa zana huhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Skrubu zake hukaguliwa kwanza, maana nazo zimeshikilia ukuta uleule unaoweza kuwa umeoza.

Juu ya paa ni salama zaidi kutembea kwa magoti kuliko kusimama. Ubao wa plaiwudi uliovalishwa zulia kuukuu husambaza uzito kwenye mihimili na kulinda mpira usikatwe. Vifuniko vya madirisha ya hewa ni vya plastiki na havikanyagwi. Kazi huanzia mwisho ulio mbali na ngazi, ili sehemu iliyolowa ibaki mbele ya mfanyakazi naye asilazimike kuipita. Kila anaposogea hugeuka kwanza na kutazama anakokwenda, kwani anayerudi kinyumenyume huku macho yako kwenye brashi haoni ukingo.

Mkanda wa usalama wa mwili mzima husaidia pale tu unapofungwa mahali imara. Antena, kiyoyozi na reli ya mizigo havikutengenezwa kuzuia mtu anayeanguka. Karakana kubwa hutumia jukwaa lenye vizuizi au kufunga mkanda kwenye nguzo za jengo. Kanuni za usalama kazini za Marekani humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake dhidi ya kuanguka kuanzia kimo cha mita 1.2 katika kazi za kawaida. Kanuni hizo hazimbani mmiliki anayetengeneza gari lake mwenyewe, lakini zinaonyesha kwamba paa la mita 3 si kimo cha kudharauliwa.

Kutunza paa

Kabla ya kununua chochote hutambuliwa kwanza aina ya paa. Paa la mpira wa EPDM huchakaa kwa kutoa unga mweupe unaoacha michirizi ukutani. Mpira huo huvimba ukipakwa vitu vyenye asili ya petroli. Mapaa ya plastiki ya TPO na PVC yana dawa zake, na yale ya faibaglasi au alumini ni magumu zaidi lakini huvuja vilevile kwenye maungio.

Kuosha hufanywa kwa maji, sabuni laini na brashi yenye nywele laini. Mashine ya maji ya shinikizo kubwa huweza kung’oa dawa ya kuzibia na kuingiza maji ndani. Baada ya paa kukauka, kila ungio hukaguliwa kwa macho na kwa kidole ili kuona mipasuko, mapovu na kingo zilizobanduka.

Sehemu zilizolegea huondolewa kwa kikwaruzo cha plastiki, kisha mahali hapo husafishwa na kupakwa dawa mpya inayopatana na aina ya paa. Dawa inayojisambaza yenyewe hutumika sehemu tambarare, na ile nzito isiyotiririka hutumika pembeni na ukutani. Silikoni ya kawaida huepukwa, kwa sababu dawa nyingine haishiki vizuri juu yake na ukarabati wa baadaye huwa mgumu. Mpasuko wa mpira huzibwa kwa utepe wa butili unaogandamizwa kwa rola.

Vyumba vya kuchomoza

Vyumba hivi huendeshwa kwa njia mbalimbali. Kuna vinavyosukumwa na mota ya umeme inayozungusha gia kwenye reli yenye meno, vinavyosukumwa na mitambo ya haidroliki, vinavyovutwa kwa kebo, na vyepesi vyenye reli na mota mbili ndani ya kuta za pembeni. Kila mfumo una maelekezo yake.

Kabla ya kubonyeza swichi, gari husawazishwa, makufuli ya safari huondolewa na betri huhakikishwa kuwa imejaa. Betri ya volti 12 aina ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6. Viti, viatu na vyombo huondolewa njiani, na nafasi ya nje hupimwa ili chumba kisigonge mti au nguzo. Watoto na wanyama huwekwa mahali wanapoonekana. Anayebonyeza swichi asipoweza kuona pande zote, humweka mtu wa kumpa ishara. Mlio ukibadilika au upande mmoja ukitangulia, chumba husimamishwa mara moja.

Kazi ya kulainisha na kukagua mitambo hufanywa chumba kikiwa nje na kimetulia. Umeme wa nje huchomolewa, waya hasi wa betri hufunguliwa, na karatasi ya onyo hubandikwa kwenye swichi. Hatua hii ndiyo inayomwokoa mtu mkono, kwa kuwa mwenzake aliye ndani hawezi kukirudisha chumba bila kujua. Reli hupanguswa, kisha hupuliziwa kilainishi kikavu pale mtengenezaji anaporuhusu. Grisi nzito hunasa mchanga na kugeuka kuwa msasa.

Kwenye mifumo ya haidroliki, kiasi cha mafuta kwa kawaida hupimwa vyumba vyote vikiwa vimerudishwa ndani. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono: mafuta yenye shinikizo kubwa yanaweza kutoboa ngozi, na jeraha hilo huhitaji hospitali haraka hata likionekana dogo kama tundu la sindano.

Mipira inayozunguka chumba huoshwa kwa sabuni laini na kupakwa dawa ya mpira isiyo na petroli. Iliyochanika hubadilishwa. Kabla ya kukirudisha chumba ndani, majani, vijiti, maji na theluji hufagiliwa kutoka juu yake kwa brashi ndefu kutoka kwenye ngazi, vinginevyo huingia ndani na kuchana mipira.

Chumba kinapokwama

Kwanza hukaguliwa betri, fyuzi, makufuli ya safari na kitu chochote kilichokaba reli. Mifumo mingi ina njia ya kurudisha chumba kwa mkono, kwa mpini au kwa spana. Kama breki ya mota ililegezwa ili kufanya hivyo, ni lazima irudishwe kabla ya kuondoka, la sivyo chumba kinaweza kutoka nje barabarani. Kukisukuma kwa jeki au kukivuta kwa gari jingine huvunja mitambo na kuhatarisha walio karibu.

Ratiba na msaada wa fundi

Watengenezaji wengi hutaka dawa ya kuzibia paani ikaguliwe kila baada ya siku 90 hivi, na baadhi yao huhusisha ukaguzi huo na dhamana ya gari. Ukaguzi wa ziada hufanywa kabla na baada ya majira ya baridi, na baada ya dhoruba au tawi kugonga paa.

Paa linalobonyea chini ya goti ni dalili ya mbao zilizooza, nalo halipandwi tena kabla ya fundi kulipima kutoka chini. Vilevile mtu mwenye kizunguzungu, anayetumia dawa zinazoleta usingizi, au ambaye miguu yake haimwamini tena kwenye ngazi, hufanya sehemu ya kazi iliyo chini: kutazama dari, kupapasa kuta, kuosha mipira ya vyumba na kuweka kumbukumbu za tarehe. Kazi ya juu huachiwa fundi.